Kitunguu Kilichokatwa Kwenye Picha

Nimeletewa hii na mtu aliyeletewa na mtu mwingine. Chumvi nimeipunguza, maneno nimeyanyoosha. Naomba kitu kimoja tu: isome mpaka mwisho ndipo uipeleke mbele. Ukiishia katikati ukaanza kuituma, basi ujue ni wewe ninayekusema.

Palikuwa na mji mmoja wa vitunguu. Jina lake naliacha, maana wenyewe wapo, na simu wanazo.

Mji ule ulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote na haikuvunjwa na mtu yeyote. Gunia la vitunguu halinunuliwi mpaka limwagwe. Muuzaji analileta sokoni limejaa, mdomo wake umepangwa vitunguu vyekundu, vikubwa, vinang'aa kama vimepakwa mafuta. Mnunuzi anautazama ule mdomo, anakunja mikono, anasema neno moja:

"Mwaga!"

Linamwagwa juu ya turubai, mbele za watu. Hapo ndipo vinapojitokeza vidogo, vilivyochipua, vilivyooza, na siku nyingine jiwe la kilo mbili. Na hakuna kununiana. Kuna kijana aliyemwambia mama mkwe wake, "Mwaga, mama," na mama mkwe akamwaga, na ndoa ipo mpaka leo.

Aliyeijua kazi hiyo kuliko wote ni dalali mmoja aitwaye Chengula. Huyu angenusa gunia lililoshonwa akakwambia lina vibovu vingapi. Miaka ishirini na miwili sokoni, hajawahi kuuziwa mdomo wa gunia. Mkumbuke, nitarudi kwake.

Wakulima wa pale walikuwa na Saccos yao, chama chao cha kuweka akiba na kukopeshana. Mwenyekiti wake alikuwa Mzee Luvanda, mkulima kama wao. Hakuwa na maneno mengi. Ukienda kuomba mkopo wa mbegu anakupa au anakunyima palepale, na sababu anakwambia usoni. Watu walimwamini kwa hilo, na wengine walimnunia kwa hilohilo.

Ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango, kulikuwa na kampuni ya mikopo iitwayo Neema Chapchap. Mwenyewe ni Bwana Mwakatundu, mtu wa kucheka. Juu ya mlango wake aliweka bango la uso wake akicheka, meno yote nje, ukubwa wa godoro la sita kwa sita.

Na palikuwa na gazeti, Jicho la Bonde, linalotoka kila Jumatatu. Mhariri wake aliitwa Kashasha. Yeye ndiye mwandishi, yeye ndiye mpiga picha, yeye ndiye mfagizi. Kila wiki Neema Chapchap walilipia tangazo la ukurasa mzima wa nyuma, na kipande kingine ukurasa wa mbele.

Sasa sikiliza.

Jumatatu ya kwanza gazeti lilitoka na kichwa cha habari kikubwa: NEEMA CHAPCHAP YAPATA HASARA, YAFUNGA MATAWI MAWILI. Chini yake picha ya Bwana Mwakatundu akikata keki, amecheka mpaka macho yamepotea.

Watu wa pale, kama watu wa kwenu, hawanunui gazeti. Wanalisoma likiwa limetundikwa kwa vibanio vya nguo mbele ya duka la dawa, mikono nyuma, kama wakaguzi. Dalali Chengula alikuwa wa kwanza.

"Mwoneni huyu!" alisema. "Kapata hasara na bado anakata keki. Huyo hela anazo, jamani. Hasara kwake ni kama mimi kudondosha kifungo."

Jumatatu ya pili: SACCOS YA WAKULIMA YAPATA FAIDA MARA MBILI. Chini yake, picha ya Mzee Luvanda analia. Silo lile chozi moja la heshima, hapana. Machozi yameteremka mpaka kwenye ndevu, mdomo umepinda, pua imevimba.

"Faida gani hii inayomliza mtu?" Chengula aliuliza.

"Labda machozi ya furaha," akasema mama mmoja muuza maandazi, ambaye kila mtu alimwita Mama Maandazi.

"Furaha naijua, mama. Haina makamasi."

Mtu mmoja akatoa simu akaipiga picha ile picha. Kichwa cha habari hakikuingia, maana alitaka uso tu. Uso ukaruka kutoka simu hadi simu. Kufikia Jumatano Mzee Luvanda alikuwa anasalimiwa kama mfiwa.

"Shikamoo, mzee. Na pole."

"Marahaba. Pole ya nini?"

"Aah, mzee. Tumeona."

Wameona nini, hakuna aliyesema. Akarudi nyumbani amekunja ndita. Mkewe, Mama Tegemea, akamwekea gazeti mezani.

"Baba Tegemea, shati hili ulilivaa siku ya kufungua ghala la chama."

"Siku ile sikulia."

"Ulilia. Ulikuwa unawakatia wageni kitunguu waone kilivyo kizuri. Nikakwambia usikiinamie, ukaniambia nisikufundishe kitunguu."

"Sasa kitunguu chenyewe kiko wapi?"

Mama Tegemea akaligeuza gazeti huku na huku. Mkono wa mumewe uliishia kwenye kifundo. Pale ambapo kiganja kingekuwa, lilianza tangazo la Neema Chapchap, na Bwana Mwakatundu alikuwa anacheka.

Kesho yake Mzee Luvanda akaenda ofisini kwa Kashasha, gazeti kwapani.

"Hii picha vipi?"

"Mzee wangu, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Hii picha vipi?"

Kashasha akamvutia kiti. "Nikuulize mzee. Maneno ya habari ni ya kweli?"

"Ya kweli."

"Uso ni wako?"

"Wangu."

"Machozi je, ni ya mtu mwingine?"

"Ni yangu."

"Sasa mzee wangu, uongo uko wapi?"

Mimi ningemjibu, na jibu langu lisingekuwa la maneno. Lakini mzee yule alikuwa mtu wa haki, na kila alipoligeuza swali aliona kila kipande chake ni cha kweli, na bado lote kwa pamoja linanuka.

"Basi nipige nyingine," akasema. "Niko hapa. Nimeoga."

Kashasha akamtazama kwa huruma. "Hiyo inatosha, mzee. Ina hisia."

Jumatatu ya tatu ikaja. Mkaguzi alikuwa amemaliza kazi, na habari ilikuwa njema kuliko zote: MKAGUZI ASEMA HESABU ZA SACCOS NI SAFI. Picha ni ileile, ila safari hii imekuzwa. Ndevu zimekatwa, shati limekatwa, yamebaki macho mawili mekundu na chozi kubwa kama yai la kanga.

Saa mbili asubuhi foleni ilikuwa imetoka mlango wa Saccos, ikapita duka la dawa, ikafika machinjioni. Kila mtu na kitabu chake cha akiba mkononi. Wamekuja kutoa kila kitu.

Uelewe hapo palikuwa na jambo gani. Msimu wa kupanda ulikuwa umebaki wiki mbili. Akiba ile ndiyo iliyokuwa inakopeshwa kwa mbegu na mbolea. Wakichukua wote siku moja, chama kimekufa kabla ya adhuhuri, na mkopeshaji atakayebaki mjini ni mmoja tu, yule wa kwenye bango. Na kila mtu alijua anavyokopesha. Unapewa chapchap, na ukichelewa siku moja, kabati lako linabebwa chapchap.

Mzee Luvanda angeweza kufunga mlango akasema mtandao unasumbua. Wapo wanaofanya hivyo, tunawajua. Yeye alifungua milango yote miwili, akakaa mwenyewe dirishani.

Wa kwanza alikuwa Chengula.

"Chengula, umesoma gazeti?"

"Nimeona, mzee."

"Nimeuliza umesoma."

"Mzee, nipe changu, tusivunjiane heshima."

Akapewa chake chote, mpaka shilingi ya mwisho. Akavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto, akaingia chini ya bango linalocheka, akaweka kule. Wakamfuata wawili.

Mzee Luvanda akawatazama wanavyovuka. Kisha akamwita mkewe, aliyekuwa amemletea chai.

"Mama Tegemea, nenda ghalani nyuma. Chukua gunia moja, jaza takataka zote zilizobaki. Vilivyooza, vilivyochipua, vyote. Halafu juu panga vile vizuri."

Mama Tegemea akaweka chupa ya chai chini. "Miaka thelathini unanikataza kupanga mdomo wa gunia. Leo unaniagiza?"

"Leo tu."

"Na mawe niweke?"

"Weka moja."

Baada ya muda gunia likaja juu ya mkokoteni, likasimamishwa mbele ya foleni. Mzee Luvanda akatoka nje.

"Jamani, hela zenu mtapata. Mlango uko wazi na haufungwi. Ila nina gunia hapa, nauza nusu bei. Nani anachukua?"

Watu wa vitunguu ni watu wa vitunguu, hata wakiwa na hofu. Shingo zikarefuka.

"Mzee, mdomo huo una rangi!"

"Haya, leta hela."

"Mwaga kwanza!"

"Nimwage ya nini? Si unaviona?"

"Naona mdomo!"

"Mimi Luvanda, mnanijua tangu nywele zangu nyeusi, leo hamniamini?"

"Tunakuamini, mzee!" akapaza sauti Mama Maandazi. "Gunia ndilo hatuliamini!"

Foleni nzima ikalipuka: "Mwaga! Mwaga! Mwaga!"

Akamwaga juu ya turubai. Vitunguu vizuri kumi na vitano vikabingirika, na nyuma yake ikafuata aibu tupu: vibovu, vyenye mikia ya kijani, na mwisho likaanguka jiwe, pu! Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Mzee! Na wewe pia!"

Mzee Luvanda akangoja wamalize. Kisha akachukua gazeti, akalinyanyua juu kwa mikono miwili.

"Na hili nalo ni gunia," akasema. Akagusa picha. "Huu ndio mdomo wake. Huku chini kuna maneno. Nani kati yenu amelimwaga? Nani amesoma hata mstari mmoja? Anyooshe mkono."

Watu zaidi ya mia moja, na mikono yote imeshikilia vitabu vya akiba. Mmoja akaanza kukagua kandambili zake. Mama Maandazi akasema miwani ameisahau nyumbani, na sisi wote tunajua hana miwani.

Halafu, kule nyuma, mkono mmoja ukapanda.

Alikuwa mtu mwenye kofia ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye nyusi, na jua lile linawaka, na kola ya koti ameiinua mpaka masikioni.

"Mimi nimesoma," akasema kwa sauti ya kujivunia. "Nimesoma yote, mpaka ukurasa wa mwisho."

"Ahsante sana, ndugu. Njoo mbele uwasomee wenzako. Na uvue kofia wakusikie."

Mkono ukashuka haraka. Mtu yule akageuka kama anayetafuta njia, lakini Mama Maandazi alikuwa ameshafika. Akaivuta kofia.

Alikuwa Kashasha, mhariri.

"Heee!"

"Mhariri! Unafanya nini humu?"

"Nimekuja... nimekuja kufuatilia habari."

"Na kitabu cha akiba cha nini?" Mama Maandazi akamshika mkono akauinua, kitabu chenyewe hiki hapa, kimefunguliwa kabisa ukurasa wa kutolea.

Wakamsukuma taratibu mpaka mbele, kwenye vitunguu vibovu.

"Kashasha," akasema Mzee Luvanda, "nani ameandika kwamba hesabu zetu ni safi?"

"Mimi, mzee."

"Ulidanganya?"

"Hapana, mzee! Haki ya Mungu! Ripoti niliisoma kwa macho yangu."

"Sasa umekuja kutoa akiba ya nini?"

Kashasha akajifuta jasho kwa kitabu cha akiba.

"Mzee, nitasema ukweli. Ile picha niliikuza mwenyewe jana. Ilikuwa kazi tu, wala sikuiwazia. Lakini leo asubuhi nimepita pale duka la dawa, nikaikuta imetundikwa. Uso ule, mzee! Macho yale! Nikajiambia, huyu mtu anajua kitu asichokijua mkaguzi. Nikakimbilia nyumbani kuchukua kitabu."

Foleni ikaanguka kwa kicheko. Wengine walikaa chini kabisa, kwenye vumbi. Mzee mmoja alicheka mpaka akapoteza nafasi yake kwenye mstari, na hakuidai.

Mzee Luvanda peke yake hakucheka.

"Maneno ya habari ni ya kweli?" akauliza.

"Ya kweli, mzee."

"Uso ni wangu?"

"Wako."

"Machozi je, ni ya mtu mwingine?"

"Ni yako, mzee."

"Sasa mwanangu, hofu ya nini?"

Kashasha akajifuta jasho tena.

Hapo Mama Tegemea akajipenyeza mbele. "Na kitunguu cha mume wangu umekipeleka wapi? Alikuwa nacho mkononi siku ile. Mimi nilikuwepo."

"Nilikikata, mama. Kilikuwa kinachukua nafasi."

"Nafasi ya nani?"

Macho ya Kashasha yalivuka barabara, yakapanda mpaka kwenye bango. Watu wote wakayafuata.

"Alikwambia ukikate?" akauliza Mzee Luvanda.

"Hajawahi kuniambia neno, mzee. Anayelipia ukurasa mzima kila wiki hana haja ya kusema. Mkasi wenyewe unajua pa kupita."

Mimi nasema hivi: mwizi wa kuku ana afadhali, maana ukimkamata ana kuku mkononi. Huyu wa mkasi ukimkamata ana picha halali na habari halali. Basi, nimesema, naendelea.

Mtu mmoja akafunga kitabu chake akakitia mfukoni. Akafuata wa pili. Foleni ikaanza kuliwa kutoka nyuma, watu wakienda mashambani huku wakiigiza sauti ya Kashasha: "Uso ule, mzee!" Mama Maandazi peke yake alikwenda dirishani akatoa elfu tano, asije akaonekana amesimama juani bure.

Ilipogonga saa sita, amebaki Kashasha peke yake.

"Unatoa au unaacha?" akaulizwa.

"Naacha, mzee."

"Basi njoo huku." Mzee Luvanda akaokota kitunguu kimoja kizuri kwenye turubai, akampa na kisu. "Kata. Kiinamie. Mama Tegemea, chukua kamera yake."

Jumatatu ya nne Jicho la Bonde lilitoka na kichwa cha habari: AKIBA ZA WAKULIMA ZIKO SALAMA. Chini yake Kashasha analia, makamasi na yote, na mkono wake umeonyeshwa mzima, na kitunguu ndani ya mkono. Hakukatwa hata ukucha. Kipande cha tangazo la mbele hakikuwepo. Wengine wanasema Kashasha alilikataa, wengine wanasema halikulipiwa. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu gazeti lianzishwe, nakala ziliisha, na hata ile ya kwenye kibanio ilinunuliwa.

Wiki moja baadaye, msimu wa kupanda ulipofika, Dalali Chengula alikwenda Neema Chapchap kuchukua hela yake ya mbegu. Akakuta mlango una kufuli, na kufuli lina vumbi. Hasara ilikuwa imeandikwa wazi Jumatatu ya kwanza, kwa herufi kubwa, na yeye ndiye aliyeisoma kabla ya watu wote, mikono nyuma.

Juu ya mlango Bwana Mwakatundu alikuwa bado anacheka, meno yote nje, sita kwa sita.

Chengula alisimama pale muda mrefu, akiutazama ule uso. Mama Maandazi, aliyekuwa anapita na ndoo yake, anaapa alimsikia akivuta pumzi, kisha akaliambia bango kwa sauti yake yote ya sokoni:

"Mwaga!"

Bango likaendelea kucheka.

Funzo: Picha ya habari ni mdomo wa gunia tu, na kuna aliyeupanga; kabla hujaiamini, kabla hujaiogopa, na kabla hujamtumia mwenzako, mwaga kwanza.